Shavu la Mwali

Mwanangu Asia alipigwa mionzi akiwa na miaka miwili. Jicho la kushoto lilikuwa limeshatolewa kwa saratani, na la kulia likaanza kuugua. Mionzi ikaliokoa. Daktari wa Dar aliniambia saratani imekwisha, ila mionzi inaacha mambo yake mwilini, nimlete kila mwaka mpaka awe mtu mzima. Nilimpeleka. Mfupa wa panja la kulia, pembeni ya jicho, haukukua kama mwingine, pakabonyea, watoto wa kwetu Bigwa wakamwita Kibuyu.

Mwaka mitumba ilipojaa sokoni, Asia akavunja ungo. Kaka yangu Hatibu, ndiye mjomba mwenye kauli, akataka awekwe ndani miezi sita kama wanawali wote. Nilimkumbusha kliniki ni mwezi wa nane. Akaniuliza nimeona wapi mwali anapanda basi. Mwezi wa nane ukapita hatujaenda.

Somo wake wa kumfunda, Bi Mwaisha, alimlisha uji wa karanga ndani ya chumba cha giza alimowekwa. Mwezi wa tisa akaniita.

"Njoo umwone mwanao. Lile shimo limejaa. Kanona, ana shavu kama andazi."

Nilipapasa panja. Kweli limejaa. Nikamshukuru Mungu, nikaongeza karanga. Asia akasema panauma. Nikamwambia mwali halalamiki. Somo akapaka mafuta.

Mwezi wa kumi na moja shavu la kushoto lilikuwa jembamba vilevile, na lile jicho zima linasukumwa nje. Nilimtoa mwenyewe asubuhi, nimemfunika khanga, Hatibu yuko nyuma ananiambia nimeuaibisha ukoo. Nikapanda naye basi la Dar.

Daktari alibonyeza, pagumu kama jiwe. Saratani nyingine, ya mfupa, imeota palepale mionzi ilipopita. Akauliza uvimbe umeanza lini. Nikasema tulidhani kanenepa.

"Mama, ungemleta mwezi wa nane," alisema, "huenda jicho lingebaki."

Wamelitoa wiki iliyopita. Kama saratani imeisha yote, bado hawajui. Asia ananiuliza kama kumekucha, namwambia ndiyo.

Wewe mwenye mtoto aliyepigwa mionzi, akipona usidhani mmemalizana nayo. Tarehe yake ikifika mpeleke, hata akiwa mwali, hata akiwa bibi harusi. Mjomba akikasirika, mwache akasirike. Mtoto akisema panauma, fungua dirisha umtazame.