Nguzo ya Mlangoni

Kila kiangazi Heledd aliporudi nyumbani kutoka chuoni, alikuta shamba limepungua. Malisho ambako bibi yake, Tegwen, alichunga kondoo akiwa msichana yalikwisha kuwa maji ya bahari. Hata lile boma la udongo la mabwana wa kale, juu ya jabali, lilikuwa limebaki nusu duara.

Pengo moja katika tuta la boma nyumbani kwao waliliita Mlango, ingawa hakuna aliyewahi kuona mlango pale. Heledd alitaka kujua kama lilikuwa lango kweli, kabla bahari haijalimeza.

"Ng'ombe ndio waliolitoboa," alicheka Meurig, kiongozi wa wanaakiolojia waliokuwa wakichimba boma, Heledd akiwa mmoja wao. "Haya, nakupa leo tu. Kesho tunahama, ukingo umeshapasuka."

Alasiri mwiko wake ukafichua duara jeusi katika udongo wa manjano. Shimo la nguzo ya lango la kale, au la sungura? Kazi hiyo ina desturi yake: unachimba nusu, nusu unaiacha isimame, umbo lionekane ubavuni. Kwa mazoea, Heledd akaanza upande wa nchi kavu. Hakuwahi kufika kitako cha shimo. Meurig alimvuta kwa ukosi, na ile nusu iliyoachwa ikaporomokea baharini.

"Ukingoni tunaanza upande wa bahari, Heledd!"

"Najua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sasa ndiyo najua."

Bibi Tegwen alikuwa amefika na chupa ya chai. "Usilie, mwanangu. Kilichobaki je?"

Meurig akamfunga Heledd kamba kiunoni, akaishika kwa mikono miwili. "Akianguka, Mama, utaniua."

"Hata asipoanguka nitakuua. Shika vizuri!"

Heledd akalala kifudifudi, akachimba taratibu kitako cha shimo. Mawe yakatokea, yamesimamishwa wima, yamebanana kuzunguka unga mweusi wa mti uliooza. Sungura hapangi mawe.

Meurig alichungulia juu ya bega lake. "Nguzo," alisema. "Tena nguzo nene. Andika lango, Heledd."

Bibi Tegwen aliketi kwenye nyasi.

"Mimi na dada yangu Nest tulikuwa tukirudi na kondoo jioni, mama anatupigia kelele kutoka jikoni: 'Fungeni Mlango!' Nasi tunacheka mpaka tunakaa chini. Tufunge nini, mama? Upepo?" Akafuta macho kwa ncha ya aproni. "Laiti Nest angekuwepo. Kumbe tulikuwa tunauacha wazi kweli."