Majina Niliyoyaita Shimoni

"Hakuna mtu humo chini, Madam," Kapteni Dzokoto aliniambia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwa dereva wa katapila.

Katapila lilikuwa limeshainua mkono juu ya mdomo wa shimo, ndoo imejaa udongo mwekundu uliokuwa ukidondoka kidogo kidogo. Nyuma yetu mashine za wachimbaji zilikuwa zikiteketea, na moshi mzito umelalia mto Ofin. Wachimbaji wenyewe walikuwa wamekimbilia porini waliposikia magari ya jeshi. Ndivyo sote tulivyoamini.

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa wilaya. Wanajeshi wale niliwaita mimi.

Kisha akatokea Maame Gyamfua, anayeuza kenkey sokoni, yale madonge ya unga wa mahindi, anakimbia kwenye tope na ndala moja mguuni. "Wamo!" alikuwa akipiga kelele. "Obiri wangu yumo! Walipoona magari wakajitosa ndani!"

Askari mmoja akamdaka mkono.

"Kila mama hapa anasema hivyohivyo," Kapteni akasema. "Mwezi jana tulisimama kuwasikiliza. Tukiwa tumesimama, wenzao wakatuzunguka na bunduki. Kijana wangu mmoja hadi leo hatembei. Dakika kumi, Madam, kisha nafukia."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilikuwa nimefundisha shule ya Asemkrom karibu miaka ishirini. Nilipoanza kazi, watoto walikuwa wakinywa maji ya Ofin kwa viganja wakielekea shuleni. Halafu dhahabu ikaja, au tuseme watu wakaja kuifuata, na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Madawati yakaanza kubaki matupu. Obiri alikuwa akipata jibu la hesabu za sehemu kichwani kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Siku moja naye hakuja. Nikaenda machimboni kumfuata.

Nilimkuta amesimama na wenzake, buti za mpira hadi magotini, mabega yamepanuka kuliko umri wake.

"Madam, rudi darasani," aliniambia. "Hiyo chaki imekupa nini? Hata baiskeli huna!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, maana ningefanyaje? Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikisema peke yangu kama mwendawazimu. Mwaka huohuo niligombea baraza la wilaya. Baadaye chama changu kiliposhika nchi, nikateuliwa kuwa mkuu wa wilaya, na jambo la kwanza nililosema redioni ni kwamba nataka jeshi lije kuutoa mto wetu mikononi mwa wachimbaji haramu. Nilimaanisha. Hata leo ningemaanisha.

Nikapiga magoti kwenye ukingo. Udongo ukameguka chini ya mikono yangu.

"Nyie mlio humo! Mimi ni mkuu wa wilaya! Tokeni!"

Kimya. Nani angemjibu mkuu wa wilaya? Ndiye aliyekuja na moto.

Kapteni akatazama saa. Maame Gyamfua alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akinikodolea macho tu, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko kilio. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti niliyokuwa sijaitumia tangu nilipoondoka shuleni, ile ya kuita majina asubuhi, ya kufika dawati la nyuma kabisa.

"Darasa la sita! Amponsah!"

Hakuna.

"Birago! Donkor! Opare!"

Moshi ukanikaba, nikakohoa. Nikaendelea.

"Nkansah!"

Na kutoka chini kabisa, sauti nyembamba ikatoka, kama iliyomponyoka mwenyewe: "Nipo, Madam."

Kapteni Dzokoto akainua mkono. Dereva akazima mtambo. Ukimya ulioingia pale ulikuwa mzito hata nikasikia miali ya moto ikila mpira wa matairi.

"Tukitoka tutapigwa?" sauti ikauliza.

Nikamgeukia Kapteni.

"Waliompiga kijana wangu risasi huenda wamo humo," akasema.

"Huenda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo watatoka mikono kichwani, watapanda gari lako, na watafika mahakamani na meno yao yote. Kama hutaki, mwambie dereva aanze na mimi."

Nikakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya shimo. Nisijisifu: miguu hiyo ilikuwa ikitetemeka mpaka mabonge ya udongo yakaporomoka.

"Madam, unatuangushia mawe!" mtu akalalamika huko chini, na askari mmoja kijana akacheka, kisha akajikaza haraka.

Kapteni akasogea ukingoni. "Mikono kichwani," akasema. "Mmoja mmoja."

Wakatoka, matope yamewafunika hata nikawa nawatambua kwa mwendo. Maame Gyamfua alimtazama kila mmoja usoni, kisha akageukia shimo tena. Nkansah akawa wa mwisho.

"Obiri?" nikamwuliza.

"Hayumo, Madam. Alikimbilia mtoni."

"Umesikia," Kapteni akaniambia, na mtambo ukawashwa. "Sasa inuka."

Nkansah nilimjua tangu ana meno ya utotoni. Kila alipodanganya, jibu lilitoka haraka kama alilolikariri. Sikuinuka.

"Obiri!" nikaita. "Najua unanisikia. Ukitaka wanifukie pamoja nawe, endelea kukaa!"

Ndoo ikayumba juu ya kichwa changu. Udongo ukanidondokea shingoni, ukateremka mgongoni. Nilifumba macho. Nilimfikiria mama yangu, na sufuria la maharagwe nililoliacha nyumbani, na mambo mengine ya kipuuzi ambayo mtu huyafikiria.

"Una kelele, Madam," sauti ikasema miguuni pangu.

Alipanda taratibu, akakataa mkono niliomnyooshea. Walipomfunga na kumpitisha mbele yangu alisimama kidogo. "Umefurahi sasa?" akauliza. Nyuma yangu katapila lilimwaga udongo, na shimo likaupokea bila hata kishindo.

Walifungwa miaka kadhaa. Wenye mashine zilizoungua, kumbe, walikuwa wakikaa viti vya mbele katika mikutano ya chama changu. Haukupita muda nikasikia redioni jina la mkuu mpya wa wilaya. Nilikuwa nikikaanga ndizi, nikaziunguza. Waliotaka mto safi walisema nimewabembeleza wezi. Akina mama wa wachimbaji walikuwa wakivuka barabara wasinisalimie. Uchaguzi ulipofika niligombea ubunge bila chama, na kila aliyenipenda alinisihi nisijiaibishe.

Baadaye nilikaa bungeni vipindi viwili. Nilipitisha baadhi ya mambo, mengine yakanishinda. Ofin haujawa safi hadi leo. Watu huniuliza kuhusu hotuba zangu. Mimi hukumbuka ile siku ya kampeni nilipokwenda soko la Asemkrom, nikizunguka meza zote na kuikwepa moja, mpaka ikabaki hiyo tu.

Maame Gyamfua alikuwa akifungua kenkey kutoka kwenye maganda ya mahindi, mvuke ukimpanda usoni. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu yuko jela kwa sababu yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

Wanawake wa meza za jirani waliacha kuuza.

"Kila Jumamosi napanda gari kwenda kule. Wananipekua kama mwizi. Nampelekea kenkey na samaki." Akafuta mikono kwenye kanga. "Anakula yote. Kisha ananiambia pilipili haikutosha."

Nilidhani atanitupia sahani. Badala yake alisogea kwenye benchi lake, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Kaa basi," akasema. "Jua kali."