Mstari Ulionyooka Mno

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo sijamsamehe hata mwanafunzi mmoja aliyetunga kazi ya nyumbani. Nawajua kwa wino. Mtoto akijaza kazi ya siku tano kwa mkupuo mmoja, wino ni uleule, mwandiko ni uleule, na uchovu unaanza kuonekana ukurasa wa tatu. Kwa hiyo zamu yangu ya kudanganya ilipofika, nilitumia kalamu tatu. Na ukurasa wa Ijumaa niliudondoshea chai makusudi, uonekane umeishi.

Nieleze nilivyofika huko. Siku moja nilikuwa ubaoni, nyuma yangu wanafunzi hamsini na kitu, mbele yangu hesabu ninayoijua kama njia ya jikoni kwangu. Nikaandika mstari wa kwanza. Wa pili haukuja. Moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, chaki ikanidondoka. Nikatoka bila kusema neno, nikajifungia choo cha walimu mpaka kengele. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akafunga mlango taratibu kama watu wanavyoufunga kwenye msiba, akanihamishia maktaba. "Pumzika kidogo, mwalimu," aliniambia. "Ukipata barua ya hospitali kwamba uko sawa, darasa lako lipo."

Mume wangu sikumwambia. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na utani mwingi, na tangu tuoane anajigamba kwa mafundi wenzake kwamba mke wake ana kichwa cha kompyuta. Ningemwambia nini? Kwamba kompyuta imezima? Nikamwambia kila Jumatano nina semina ya walimu. Kila Jumatano akanipigia pasi sketi yangu ya bluu, maana mkono wake kwenye pasi ni mzuri kuliko wangu, akasema, "Semina njema, profesa." Nami nikaenda zahanati.

Daktari hakuninywesha dawa. Alinisikiliza, akanipeleka chumba namba sita, kwa binti mmoja aliyevaa sweta la kijani mvua inyeshe jua liwake. Binti alinipokea kwa shikamoo, akanieleza utaratibu. Yeye si daktari, alisema, ni mwelekezaji. Ugonjwa nitaushughulikia mwenyewe, nyumbani, kwa kufuata kijitabu. Yeye atanishika mkono. Tutaonana mara sita, nusu saa kila wiki. Kila nikija nitajaza kwanza karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki iliyopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kujiona si kitu na mengineyo. Kila swali nijipe alama, sifuri mpaka tatu. Jumla ikiwa kubwa, hali ni mbaya, ikishuka, tunapona.

"Hakuna kufaulu wala kufeli, mwalimu," alisema.

Ukimwambia mwalimu wa hesabu kwamba kuna alama lakini hakuna kufaulu, ni kama hujamwambia kitu.

Siku ya kwanza nilijaza kwa ukweli maswali manane. La tisa liliuliza ni mara ngapi nimewaza kwamba ingekuwa heri nisingekuwepo. Kalamu ilisimama pale. Jibu lilikuwa mbili, yaani siku nyingi. Niliona aibu mwili mzima, nikaandika sifuri. Jumla ikawa ishirini na moja.

Kijitabu chenyewe kilikuwa chepesi, jalada lina picha ya mwanamume anamwagilia maua huku akicheka peke yake. Kazi zake zilionekana ndogo. Andika kila siku jambo moja ulilolifanya hata kama hukutaka: umeoga mapema, umemsalimu jirani, umetembea mpaka mwisho wa mtaa. Tenga robo saa ya kuhangaika, na wasiwasi ukija nje ya muda huo uambie usubiri. Chukua tatizo moja, likate vipande, anza na kipande kidogo. Niliona ni mambo ya kitoto. Kisha nikashindwa kuyafanya. Nilikaa na kijitabu mapajani siku nzima, kazi pekee niliyoifanya ni kusahihisha makosa ya uchapaji kwa kalamu nyekundu. Niliyapata kumi na moja.

Jumatano ya pili, saa moja kabla ya kikao, nilijaza wiki nzima kwenye meza ya chakula. Jumatatu nikatembea. Jumanne nikampigia simu wifi yangu, mtu ambaye hata namba yake sina. Kule chumbani nikajaza ile karatasi, na alama nikazishusha kidogo, za kuaminika. Kumi na nane. Binti alifurahi mpaka mashavu yakampanda.

Ile furaha ndiyo iliyoniponza. Kwa muda mrefu hakuna aliyenitazama vile, kama mtu anayeweza jambo. Wiki ya tatu nikampa kumi na tano. Ya nne, kumi na mbili. Ya tano, tisa. Nyumbani nilikuwa nalala na nguo za mchana, na maktaba nilikuwa nakaa nyuma ya rafu ya mwisho ili mtu asiniulize kitabu.

Kikao cha tano binti alinifungulia faili. Alikuwa amenichorea mstari, alama zangu wiki kwa wiki, kwa penseli iliyochongwa vizuri. "Tazama mwenyewe, mwalimu."

Nikatazama. Tofauti ya tatu, tatu, tatu, tatu. Ungeweka rula. Mtoto akiniletea vipimo vya jaribio vilivyonyooka namna ile, namrudishia daftari kabla hajakaa. Joto lilinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Nikaona kwamba hata katika uongo nilishindwa kuacha kuwa mwalimu wa hesabu, na kwamba binti huyu hakuwa ameona kwa sababu moja tu: aliniamini.

"Umejitahidi sana," alisema. "Wiki ijayo tunafunga faili, na nitamwandikia mkuu wako barua urudi darasani."

"Ahsante, binti yangu," nikasema. Hiyo binti yangu ndiyo iliyoniuma zaidi njiani.

Wiki ile niliijua hesabu yake yote. Barua ikiandikwa, Jumatatu nasimama ubaoni. Nikisimama ubaoni, naanguka mbele ya watoto hamsini. Na faili likifungwa, mlango wa pekee ambao ningeweza kuugonga nitakuwa nimeufunga kwa mkono wangu. Halafu nabaki na lile swali la tisa, mimi na lenyewe tu. Pamoja na hayo yote, Jumatano nilikwenda nimeamua kuandika sita. Mtu anaweza kuiogopa aibu kuliko anavyoogopa kufa, nami nilikuwa mtu huyo.

Binti alinipa karatasi na kalamu. Nilipoinama kuandika akasema, "Mwalimu, nina ombi. Ule mstari wako, naomba niutumie. Bila jina, usijali. Nina watu wanaoanza wiki hii. Wengine wakifika wiki ya tatu wanapanda badala ya kushuka, wanavunjika moyo, wanaacha kuja. Nataka niwaonyeshe wako, wajue inawezekana."

Nilibaki nimeshika kalamu. Nilimwona mtu fulani, simjui, amekaa kwenye kiti hikihiki wiki ya tatu. Amejaza kwa ukweli wake wote, alama zimepanda, na anaonyeshwa mstari wangu. Anajiona yeye ndiye mbovu. Anakwenda nyumbani, harudi. Katika maisha yangu ya kazi nimefanya makosa, nimewahi hata kumchapa asiyehusika, lakini sikuwahi kubandika ukutani karatasi ya kutunga nikawaambia watoto waige.

Nikaanza swali la kwanza. Tatu. La pili, tatu. Niliandika haraka, nisije nikajishauri. La tisa nikaandika mbili. Jumla nikaiweka mwenyewe chini, ishirini na tano, nikaizungushia duara kwa mazoea, nikamsogezea.

Alijumlisha. Akajumlisha tena. "Wiki imekuwa mbaya, mwalimu?"

"Wiki zote."

"Na hizi nyingine?"

"Nilitunga. Kalamu tatu, na chai juu yake. Kutembea sikutembea. Na wifi yangu sijampigia."

Nilisubiri anifokee, maana mimi ningefoka. Badala yake aliufungua ukurasa wa mstari akautazama muda mrefu, na nikaona shingo yake inabadilika rangi. Alikuwa anaona haya, yeye, kwa kosa langu.

"Ulikuwa umenyooka mno," alisema polepole. "Watu hawaponi hivi. Nilifundishwa hivyo. Nilitaka tu uwe umepona."

"Kosa si lako."

"Hili la tisa," alisema, na kidole chake kikakaa pale. "Limeanza lini kuwa mbili?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akaweka kalamu chini. Akakizungusha kiti chake akaja upande wangu wa meza, akaniuliza bila kuzunguka kama nimepanga kujiua. Nilimwambia sijapanga. Nilimwambia nikiosha vyombo naiwaza nyumba yetu bila mimi, na naiona imetulia, imepumua. Nilisema maneno hayo nikitazama sweta lake la kijani, sikuweza kumtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia kwa sauti yangu, na niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Basi sikiliza. Faili halifungwi. Barua haiendi. Kijitabu peke yake hakitoshi kwa hali hii, si kwamba umeshindwa, ni kwamba tulikupima vibaya. Daktari atakuona leo kabla hujaondoka. Na nyumbani lazima awepo mtu anayejua. Nani anajua?"

"Hakuna."

"Mume?"

"Anajua niko semina."

Alinipa simu yake ya mezani. Kuomba anipigie yeye nilishindwa. Namba niliibonyeza mwenyewe. Nikamwambia mume wangu niko zahanati, chumba namba sita, na kwamba naomba aje. Aliuliza kama nimeumia. Nikasema sijui. "Nakuja," akasema. "Usitoke hapo ulipo."

Alifika na ovaroli lake, bisibisi mfukoni, anahema. Akatazama chumba, akatazama sweta la kijani, akanitazama mimi na ile sketi aliyoipiga pasi asubuhi.

"Semina ndiyo hii?" aliuliza. Alitaka iwe utani, lakini mdomo haukumfuata.

Binti alimpa kiti. Akanigeukia akasema ni vizuri nimweleze mwenyewe, kwa maneno yangu. Nilifungua mdomo. Miaka ishirini na mbili ya kueleza mambo magumu kwa watu wasiotaka kuyasikia, na halikutoka hata moja. Nikachukua ile karatasi nikamkabidhi.

Aliishika mbali, mkono umenyooka, akakunja uso. Akaisogeza karibu. Akajipapasa kifuani na mifukoni.

"Miwani nimeiacha karakana," alisema. "Nilitoka mbio." Akanirudishia karatasi, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. "Nisomee, mke wangu."

Nikamsomea. Swali, kisha alama. Swali, kisha alama. Sauti ilikatika la nne, akasubiri, nikaendelea. Nilipofika la tisa alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulinuka gesi ya majokofu. Nililisoma lote, neno kwa neno, bila kuruka, na nikamwambia jibu ni mbili.