Mama Mdogo Yupi

Binti alikuwa na ufundi ambao hakufundishwa na mtu. Aliweza kuzungumza na mke wa baba yake tangu asubuhi hadi jioni bila kumwita chochote. Akitaka chumvi mezani, aliuliza, "Chumvi iko huko?" Akitaka kufungwa zipu, alikuja, akageuza mgongo, akasimama. Wakiwa ufukweni, mmoja huku mwingine kule, hakupaza sauti hata siku moja. Alitembea mchangani mpaka akafika karibu, akakohoa kidogo, ndipo akatoa alichotumwa: "Baba anauliza funguo." Kama unaona ni kazi ndogo, jaribu mwenyewe. Katika Kiswahili chetu huwezi hata kumwomba mtu mzima maji ya kunywa bila kumtia cheo mbele, awe mama, bibi, shangazi au anti. Mtoto huyu alikuwa amekula likizo karibu nzima ya kisiwani bila kuteleza.

Mke wa baba alikuwa fundi cherehani, na mtaani kwao wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi, basi. Kazi yake ilimzoesha kuona vitu vidogo. Mtu akiingia dukani kwake, kabla hajasalimia, Fundi ameshajua bega lipi limeshuka. Kwa hiyo hili la kutoitwa aliliona siku ile ile waliyoshuka kwenye boti, na tangu siku hiyo lilimsumbua. Hakulisema kwa mumewe. Alijiambia likizo ni ndefu, mtoto atalegea. Sasa likizo ilikuwa imebaki kidogo, nguo safi zimekwisha, mafuta ya jua yamebaki ya kukamua, na mtoto bado anakohoa.

Na likizo yenyewe haikuwa ya kuogelea tu. Mama yake binti alikuwa amefariki, na baada ya msiba mtoto alichukuliwa na mdogo wa marehemu, dada mmoja mchangamfu mwenye duka la vipodozi. Baba naye, baada ya muda, alimwoa Fundi. Kabla hawajasafiri alimweka binti kitako akamwambia, "Siku ya mwisho ya likizo utatuambia mwenyewe. Shule ikifunguliwa, unakuja kukaa kwetu, au unabaki kwa mama mdogo wako. Hatukulazimishi." Hiyo "kwetu" ilikuwa ya heshima tu. Baba alikuwa fundi wa majokofu, yale makubwa ya kuhifadhia samaki, na nusu ya mwezi hushinda safarini. Atakayekaa na mtoto, kumwamsha, kumsimamia masomo na kugombana naye juu ya kuosha vyombo, ni Fundi. Hilo walilijua wote watatu.

Na Fundi alimtaka. Hakumtaka kwa kuwa hakujaliwa wa kwake, ingawa majirani wangesema hivyo. Alimtaka huyu huyu, anayesoma kwa sauti maandishi ya kila chupa anayoiona, anayecheka huku ameziba pua, anayekunja taulo vizuri kuliko mhudumu wa pale walipofikia. Nyumbani alikuwa ameshahamisha vitambaa vyote kutoka chumba cha pili na kukitia kitanda. Hakumwambia mtu kitanda kile ni cha nani.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza, hatua chache kutoka baharini. Ilikuwa na viti vya plastiki, feni yenye kelele, na bafu lililotoa maji pale lilipojisikia. Ilikuwa pia na friji bovu, na hapo ndipo baba alipopata raha yake. Watu wamesafiri kuja kuona bahari, yeye amelala kifudifudi nyuma ya friji la wenyewe, kijitochi mdomoni. Mwenye nyumba alimpenda sana. Mkewe alimwambia, "Baba, umekuja likizo au umekuja kazini?" Akajibu kutoka kule nyuma kwamba anapumzisha akili.

Kilichomchoma Fundi kuliko kukohoa kwa mtoto kilikuwa neno moja. Kila binti alipokuwa na baba yake, wakiokota makombe au wakipiga gumzo kibarazani, Fundi alisikia kwa mbali: mama mdogo hivi, mama mdogo vile. Mama mdogo anapenda chai ya moto. Mama mdogo alicheka sana. Neno hilo ni la watu wawili, ni la mdogo wa mama yako na ni la mke wa baba yako pia. Fundi aliona ni kiti kimoja, na yule wa vipodozi ameshakikalia tangu mtoto azaliwe. Atakitaka kwa haki gani? Akaendelea na shughuli zake.

Siku moja kabla ya kuondoka, alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo za kuogelea. Dirisha la chumba cha binti lilikuwa wazi, na binti alikuwa ndani, na simu ya baba sikioni.

"Ndiyo, bibi, nimeshaamua," alisikika akisema. "Nakaa na mama mdogo. Hapana, bado sijawaambia, nitasema kesho. Na wewe usimwambie baba, bibi, nitasema mwenyewe."

Bibi huyo alikuwa mama yake baba. Fundi alibana nguo ya mwisho, akabaki ameshika kamba. Hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kutazama maji yakidondoka kutoka kwenye nguo ya mumewe. Alijiuliza amekosea wapi, akapata majibu mengi, yote ya kujilaumu. Kisha akafanya kile ambacho watu wazima hufanya wakiumia, akaamua kuwa mwema.

Jioni jua lilipopungua ukali, alimfuata binti majini. Fundi hakujua kuogelea. Alipandisha gauni, akalifunga fundo ubavuni, akaingia mpaka kiunoni. Binti alikuwa anajifunza kuelea chali, masikio yamezama, na Fundi akamwekea kiganja chini ya mgongo kama walivyozoea. Alingoja mpaka mtoto aliposimama.

"Nataka kukwambia kitu," alisema. "Lile jambo la kukaa. Ukiamua kukaa kwa mdogo wake marehemu mama yako, mimi sitaona vibaya. Kule umezoea. Una rafiki zako. Hata mimi naona kule ndiko kutakufaa zaidi."

Maneno yalitoka vizuri. Alikuwa ameyapanga tangu alipokuwa kwenye ngazi.

Binti alimtazama. "Kutanifaa zaidi?"

"Ndiyo."

"Na huoni vibaya?"

"Hata kidogo, mwanangu. Usinihofie mimi."

Mtoto alizama, akakaa chini ya maji muda ambao Fundi aliuona mrefu. Alipoibuka macho yalikuwa mekundu. Akasema ni chumvi. Kisha akasema, "Sawa," akatoka majini, akaenda zake nyumbani bila taulo. Fundi alibaki pale na mawimbi yakimpiga gauni, akajipongeza kwamba amemrahisishia mtoto kazi.

Walipokaa kibarazani kula, binti hakungoja siku ya mwisho. Alisukuma sahani, akasema, "Baba, nimeamua. Nitabaki kwa Anti. Nimeshampigia." Akaomba ruhusa, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Baba aliacha kutafuna. Alikuwa mtu wa kupoa hata jina lake la utani kazini lilikuwa Barafu, lakini sasa uso ulimshuka. "Sikutegemea," alisema. "Kwa jinsi alivyokuwa anazungumza, sikutegemea kabisa."

Fundi alikuwa ameshika kijiko. "Anti ndiye nani?"

"Anti nani? Shemeji yangu, mwenye duka."

"Anamwita Anti?"

"Tangu ajue kusema. Mwenyewe ndiye hataki kuitwa mama mdogo, anasema linamzeesha. Ole wako umwite hivyo mbele ya wateja wake."

"Wewe lakini huwa unasema mama mdogo wako."

"Mimi nasema kwa sababu ndivyo alivyo. Mtoto hasemi."

Fundi alikiweka kijiko chini taratibu. "Sasa huyo mama mdogo anayemsema kila siku ni yupi?"

Mumewe alimtazama kama aliyeulizwa jina la mkewe, na kwa kweli ndilo aliloulizwa. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Mama mdogo mwingine yuko wapi? Mchana kutwa ananichosha masikio. Mama mdogo anajua kupima mtu kwa macho, mama mdogo haogopi kaa. Umekaa na sisi likizo nzima, kumbe hukusikia?"

"Nimesikia," alisema Fundi. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba wewe ni wewe?"

Fundi aliinua mikono akajifunika uso. Alikumbuka majini, kiganja chake chini ya mgongo wa mtoto na maneno yale yaliyopangwa vizuri. Mtoto alikuwa amemchagua, na yeye kwa wema wake wote amemwambia aende zake. Alinyanyuka akagonga mlango wa chumba. Akaambiwa, kwa sauti iliyojaa mafua, kwamba mtu amelala.

Asubuhi ilikuwa ya heka heka. Boti haingoji mtu, na mhudumu alishapita kuulizia funguo. Baba alikwenda kuagana na mwenye nyumba. Fundi aliingia chumba cha binti, akamkuta amekaa kitandani anakung'uta mchanga kwenye viatu. Begi lake lilikuwa limefungwa. Fundi alikaa upande wa pili wa kitanda, na safari hii hakuwa amepanga neno.

"Jana kule majini nilikudanganya," alisema.

Binti aliendelea na kiatu.

"Nilisema sitaona vibaya. Nitaona vibaya. Nitaona vibaya sana, hata sijui nitajiweka wapi. Nataka ukae na mimi."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Nilikusikia ukizungumza na bibi yako. Ulisema utakaa na mama mdogo. Nikadhani ni yule."

"Yule ni Anti."

"Nimejua jana usiku wakati wa kula."

"Kila mtu anajua yule ni Anti."

"Mimi sikujua. Hujawahi kuniita chochote, nitajuaje?"

Hapo binti aliacha kiatu. Alikuwa na hasira, hasira ya siku nyingi. "Ulisema nikuite ninavyopenda! Siku ile baba aliponileta kwako. Nilisimama mlangoni, ukaniambia, niite unavyopenda tu. Sasa mimi nitaanzaje? Nikuite Fundi kama wateja? Mama siwezi, mama ninaye. Mama mdogo, labda hutaki, labda linakuzeesha na wewe. Mtu mkubwa ndiye anayesema. Anasema njoo kwa shangazi, njoo kwa bibi, na wewe unajua. Wewe hukusema."

Fundi alikumbuka siku ile. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, na aliona ametamka jambo la ukarimu mkubwa. Kumbe alimwachia mtoto kazi ya mtu mzima, na mtoto akaibeba likizo nzima kwa kukohoa.

"Ni kweli," alisema. "Sikusema. Na sasa wewe unataka nini? Sema unavyotaka, usinionee huruma."

"Ni hicho hicho nilichomwambia bibi." Binti alifuta pua kwa mkono. "Lakini Anti nimeshamwambia narudi. Alilia kwa furaha. Amesema leo anakwenda kununua pazia jipya. Mimi siwezi kumpigia tena nimwambie basi."

Simu ya baba ilikuwa kitandani kando yake. Aliichukua, akaifungua, akatafuta jina na kulibonyeza, kisha akamkabidhi Fundi kabla Fundi hajajua anachopewa. Ilikuwa imeshaanza kuita. Fundi alitamani isipokelewe. Yule mwanamke alimlea mtoto huyu katika siku mbaya kuliko zote, na asubuhi hii pengine yuko dukani anapima pazia. Hakuna namna nzuri ya kumwambia.

"Ee, shemeji!" sauti ilisikika, changamfu. "Mmeshapanda boti?"

"Si shemeji," alisema Fundi. "Ni mama mdogo."

"Mama mdogo yupi? Mama mdogo si ndiye mimi?"

Binti alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, anamtazama usoni.

"Tuko wawili, mwenzangu," Fundi alisema. Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kaa kwanza. Nina jambo la kukuomba, na najua litakuumiza."