Sifuri ya Kibarazani

Mashine ikinidanganya naitukana kwanza, kuikagua baadaye. Ndivyo nilivyo, na mwenzangu Kipaza amenizoea. Siku hiyo tulikuwa tumesimama kando ya kisima cha mafuta, mahali ambapo vali zimechakaa na harufu inakaa kwenye nguo hata ukifua, na mashine yetu ya kupimia gesi ikatoa namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Chini ya sifuri. Yaani hewa ya kisimani ilikuwa safi kuliko hewa safi.

"Shenzi kabisa hii," nikasema.

"Usiitukane, itasusa," Kipaza akajibu. Tunamwita Kipaza kwa sababu hata akinong'ona, walinzi wa getini wanasikia.

Kazi yetu ni kuzunguka kwenye visima, mabomba na matangi tukipima gesi inayovuja. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, unaweza kusimama katikati ya wingu lake ukapiga miayo. Ndiyo maana tuna vyombo viwili: mashine inayonyonya hewa kwa mrija na kutoa namba, na kamera ambayo kwenye kioo chake gesi huonekana kama moshi mweusi.

Tukabadilisha chujio. Tukabadilisha betri. Tukahamia kwenye matangi, bado chini ya sifuri. Tukaenda mpaka karibu na mwenge, ule mnara unaochoma gesi ya ziada usiku na mchana, na penyewe hivyo hivyo.

"Hapa tufungue hospitali ya wenye pumu," Kipaza akasema.

Nilicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Mashine hizi hazijui hewa safi ni nini mpaka uzionyeshe. Asubuhi, kabla ya kazi, unaiwasha mahali pasipo na uchafu, unabonyeza kitufe, unaiambia: hii ndiyo sifuri. Kila itakachokutana nacho baadaye inakilinganisha na hapo. Utaratibu unataka utumie mtungi wa hewa safi, lakini mtungi wetu ulikuwa umeisha, ofisi ikasema mwingine unakuja, na "unakuja" ya ofisi kila mpimaji anaijua. Basi tukawa tunaweka sifuri nyumbani kwa mama yangu. Nyumba iko njiani, mbali na visima, upepo unavuma kutoka kwake kwenda visimani, na chai ipo. Tunakaa kibaraza cha nyuma, chini ya dirisha la chumba alichofia baba. Kipaza anapiga porojo zake, mashine inavuta hewa, tunabonyeza kitufe, tunaondoka.

Nikamtazama Kipaza. Kipaza akanitazama.

"Dada," akasema, na tangu nimjue sikuwahi kumsikia akisema polepole hivyo. "Kama hapa ndiyo chini ya sifuri, basi kule kwa mama..."

"Washa gari!"

Nilimpigia mama njia nzima, hapatikani. Mama huzima simu mchana ili chaji isiishe, utadhani chaji ni mali ya urithi. Nilichokuwa nakiogopa ni kiberiti. Muda kama huo mama huingia jikoni kuwasha jiko. Nilimkemea Kipaza aongeze mwendo, akaongeza, nikamkemea asituue.

Tuliipita nyumba, tukasimamisha gari mbali nayo, upande upepo unakotoka. Simu na funguo tukaziacha ndani. Nikaiwekea mashine sifuri upya palepale barabarani, kwenye upepo, kisha nikaanza kutembea. Namba zikapanda. Nilipofika kibarazani, mashine ilikuwa inalia, na nilipoinyoosha kwenye dirisha la chumba cha baba ikafika mwisho wa kipimo chake, ikaganda. Nyasi mbele ya kibaraza, chini ya dirisha lile, zilikuwa zimekufa, duara zima; asubuhi, macho kwenye chai, sikuziona. Kando ya ukuta nzi wamelala chali, wengi, na hakuna hata siafu mmoja aliyekuja kuwabeba.

"Mama!"

"Niko huku, usipige kelele." Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha baba, mikono mapajani. Pembeni yake palikuwa na kiberiti na njiti kadhaa nyeusi.

"Mama, umewasha moto humu?"

"Nimejaribu kule jikoni. Kila nikiwasha njiti, mtu anaipuliza." Akanitazama machoni. "Na usinitolee macho hivyo, sijarukwa na akili. Ni baba yako. Hataki niwashe moto leo."

"Mama, inuka tutoke."

"Sikiliza kwanza."

Sikutaka kusikiliza, nikasikiliza. Kutoka kwenye ufa wa sakafu, karibu na mguu wa kitanda, sauti ilikuwa inatoka. Ndefu, ya kuvuta. Inatulia kidogo. Kisha inatoka tena, na mwishoni kuna kamluzi kadogo. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba, akaondoka na mapafu mabovu, na kamluzi kale mimi nililala nako utoto wangu wote ng'ambo ya ukuta.

Maelezo ninayo, asinifundishe mtu. Kampuni ilichimba pale kisima cha majaribio zamani, haikupata cha maana, ikakiziba kwa saruji na kujenga nyumba za wafanyakazi juu yake. Saruji imepasuka. Mgandamizo ukishuka ardhini gesi inavuta pumzi, ukipanda inatoa. Nilimweleza mama yote hayo kwa haraka, ulimi unajikwaa.

"Maneno mazuri," mama akasema. "Mimi nilimuuguza humu. Siku ile nilitoka nje mara moja tu, kuchota maji ya kumpangusa uso. Kurudi, kimya. Alikata roho hana mtu. Sasa amerudi unaniambia nimwache tena? Nenda wewe na mashine yako."

"Nyumba italipuka, mama! Unanielewa? Utakufa!"

"Basi nitakufa nikiwa na mume wangu. Hasara iko wapi?"

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia njoo nje, njoo ukaone huyo mume wako ni kitu gani. Nilidhani atayaamini macho kuliko masikio. Akatoka, shingo upande, mpaka uani, mahali Kipaza alipokuwa ameielekeza kamera kwenye dirisha lililo wazi.

"Shikamoo, mama," Kipaza akasema.

"Marahaba, baba. Haya, nionyesheni."

Kwenye kioo, moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye ufa. Haukupanda juu kama gesi ile inavyopaswa kupanda. Ulikipanda kitanda. Ukajilaza juu yake, urefu wa mtu, upande wa ukutani, ukaacha nafasi upande alipokuwa ameketi mama. Kisha ukawa unavimba na kushuka, unavimba na kushuka.

Mimi nimetazama kioo kile miaka mingi, nimeona moshi wa kila namna. Sijawahi kuona wa namna hiyo.

Mama akagusa kioo kwa kidole. "Bega lake hili, lile lililoteguka," akasema taratibu, na uso wake ukawa wa msichana. "Niliwaambia."

Kabla sijamshika, akageuka, akaingia ndani na kurudi kitandani. Hongera yangu. Nilitaka kumtisha, nikamletea ushahidi.

Kipaza akanishika mkono. "Usiingie, dada. Tuite zimamoto."

"Wafike lini? Niachie."

Nikaingia. Kichwa kilikuwa kinaniuma, ulimi mzito. Mama alikuwa amejinyoosha upande wake wa kitanda, macho ameyafumba, na pumzi zake zilikuwa zimeanza kwenda pamoja na zile za sakafuni. Zote mbili zikivuta pamoja, zote zikitoa pamoja, na zote zinazidi kuwa ndefu. Nikamvuta mkono. Mama ni mwembamba, lakini siku hiyo nilikuwa kama navuta mtu aliyeshikwa upande wa pili.

Nikaanza kulia kwa hasira. Na mimi niliyesomea vipimo, ninayemcheka kila mwenye hadithi za mizimu, nikaelekeza uso wangu kwenye sehemu tupu ya kitanda.

"Baba, hii tabia gani? Huoni unamuua? Njiti umezipuliza, vizuri, nashukuru, lakini humu ndani hapumui hewa, anakupumua wewe! Siku ile alitoka kukuchotea maji. Hakukukimbia. Kama ulimkasirikia, sema na mimi, mtoto wako, nitakuomba msamaha kwa niaba yake. Lakini mwachie mkono. Nakuomba, baba. Nimebaki na huyu mmoja tu."

Sauti ikanyamaza. Katikati ya pumzi, kabla ya kamluzi.

Nikaisikia mashine ikilia kule uani. Mama akafumbua macho. Akatazama pembeni yake kwa muda, akitikisa kichwa kidogo kama mtu anayeambiwa jambo na kulikubali.

"Haya," akasema. Akainuka mwenyewe, akavaa kandambili zake. Mkono wake ukawa mwepesi mkononi mwangu.

Tukatoka. Tulipita uani, tukapita nyasi zilizokufa, tukashika njia kuelekea gari. Kipaza alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yetu, kamera ameielekeza nyuma yetu, na hakusema neno. Kipaza, kimya! Nikamuuliza kuna nini. Akanigeuzia kioo.

Ule moshi ulikuwa umetoka mlangoni. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, unasukuma kila kitu nyuma kuelekea nyumbani, mpaka khanga ya mama ilikuwa inapepea upande huo. Moshi ulikuwa unakuja dhidi ya upepo, taratibu, mwendo wa mtu mwenye mapafu mabovu, hatua chache nyuma ya mama.

"Yuko wapi?" mama akauliza. Hakugeuka.

Ningeweza kusema hakuna kitu. Ningeweza kusema ni gesi tu. "Yuko nyuma yetu," nikasema. "Anatusindikiza."

Mama akasimama. Akajifunga khanga vizuri, akapangusa macho kwa pindo lake, kisha akageuka kuitazama njia tupu.

"Inatosha, baba watoto," akasema. "Usijichoshe. Hapa tumeshafika, na mwanao yuko nami. Rudi ukapumzike."

Kwenye kioo, moshi ulibaki pale kidogo. Kisha ukarudi ulikotoka, ukaingia ndani, na mlango, ambao upepo ulikuwa umeushikilia wazi tangu tufike, ukafungwa polepole.