Aliyeitikia Jina la Nesi

Darasa la Kifaransa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, kila Jumanne saa kumi jioni. Wanafunzi walikuwa watatu, watu wazima wote: fundi saa, dereva wa lori, na bibi mmoja aliyezalisha wanawake kwa miaka mingi hata jina lake likabaki kwenye vyeti tu, mtaani aliitwa Nesi. Binti yake alikuwa ameolewa ughaibuni, na bila cheti cha Kifaransa Nesi asingeruhusiwa kwenda kuishi na wajukuu zake.

Siku hiyo mwalimu, kijana mpole mwenye miwani, aliwataka wasimulie kumbukumbu za utotoni. Dereva alieleza, kwa Kifaransa cha kuungaunga, jinsi paa la kwao lilivyovuja, na matone yakaanza kudondokea daftari lake. Mwalimu akamsogezea beseni. Fundi saa akasimulia habari za mbuzi wa babu yake. Mbuzi akaingia, akala chaki mbili, akalala chini ya dirisha.

"Ndiye huyo niliyemsema," fundi saa akaeleza.

"Vizuri. Nesi, zamu yako."

Nesi alikuwa amejiandaa wiki nzima. Alisema alikuwa mtoto hodari, akafaulu mtihani, akaenda sekondari, baba yake akachinja kuku. Kabla hajakaa, mlango ukafunguliwa, akaingia msichana wa miaka kumi na mitatu, miguu peku, mikono ina povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Shikamooni," akasema. Kisha akamtazama Nesi. "Umezeeka, dada."

"Marahaba," wakaitikia wote isipokuwa Nesi.

Msichana alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Nesi, yatima, aliyelelewa kwa kina Nesi. Walifanya mtihani siku moja. Nesi alianguka, msichana akafaulu. Barua ya shule ilipofika, baba alikaa nayo siku mbili, halafu akasema jina ni kitu cha kuazimana, na nyumba haiwezi kukosa mtu wa kufua. Nesi akaondoka na jina la mwenzake, na sare yake. Hakulia. Alikuwa anataka sana kwenda.

Mwalimu aliita majina mwisho wa kipindi, maana watu wazima huchelewa. Alipofika jina la tatu, msichana akaitika.

Mwalimu akainua kalamu. "Jina hili ni la nani?"

Msichana alimtazama Nesi, akangoja, kama mtu anayesubiri apishwe mlangoni. Dereva akakohoa. Nesi akalifunga daftari lake.

"Langu," akasema.

"Na wewe, binti, unaitwa nani?"

Nesi ndiye aliyejibu. Alitaja jina lake mwenyewe la kuzaliwa, ambalo halikuwa limetamkwa na mtu kwa miaka hamsini. Msichana akaitikia kwa kichwa, akalipokea. Mwalimu akaliandika chini kabisa, kwa penseli.

Tangu hapo msichana alikuja kila Jumanne.

"Huyu kichwa chake sumaku," dereva alisema. "Sisi vyetu vya mbao."

Miezi miwili haikupita, akawa anamsahihisha fundi saa. Nesi naye alikwama. Kila alipotaka kuueleza utoto wake, aliirudia sentensi ya kwanza, akakaa.

Siku ya mtihani msimamizi alisimama mlangoni akaita jina. Msichana hakusogea. Nesi akamrekebishia ukosi wa gauni, macho ameyaelekeza ukutani.

"Nenda basi," akasema.

Msimamizi alilinganisha picha ya bibi wa miaka sitini na mitano na uso wa mtoto, akagonga muhuri, akamwonyesha kiti. Nesi akabaki kwenye benchi la nje. Watu waliopita walimsalimu kwa heshima, naye kila shikamoo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Baada ya saa moja msichana alitoka na cheti.

"Wameniuliza habari za utotoni," akasema. "Nimewaambia ulivyokwenda shule nikabaki nafua. Wamesema nimesimulia vizuri."

Nesi alikipokea cheti, akalisoma jina taratibu, akakitia mkobani.

"Sasa mimi niende wapi, dada?"

Nesi aliitazama miguu ya msichana, bado peku.

"Nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna vyombo havijaoshwa tangu asubuhi."

Msichana akaupokea mkoba, akatangulia.