Kiti cha Kumi na Nne

Ukimwuliza Futi aliipataje ile kazi, atajikuna kichwa kwanza, kisha atakuambia hakuipata. Ukimwuliza, basi, alikuwa akifanya nini pale siku nne mfululizo, aproni kiunoni na mguu juu ya cherehani, atajikuna tena. Tusimcheke. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alikuwa na wiki saba tu jijini.

Alikotoka hakuwa mtu wa kuulizwa kazi yake. Alikuwa fundi wa suti, na jina la Futi alipewa kwa sababu futi yake ya kupimia ilikuwa haimtoki shingoni, hata msibani. Nusu ya mabwana harusi wa mji ule walioa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Kisha mkewe, mkunga, akapandishwa cheo na kuhamishiwa hospitali kubwa ya jiji hili. Barua ilifika Jumatatu. Haukupita mwezi, Futi alikuwa amefunga duka, ameuza cherehani zote mbili na kubaki na mkasi. Mjomba wake alimpigia simu huku akiangua kicheko. "Hongera, mjomba! Nasikia umeolewa."

Futi alicheka naye, lakini neno lilimkaa rohoni. Na pale walipopanga nyumba, watoto kwa wakubwa walimwita Mume wa Mkunga. Aligonga milango ya mafundi wenzake mpaka soli ikamwisha. Huyu alimwambia njoo kesho, yule alimwambia lete mtu anayekujua. Amlete nani? Aliyemjua jiji zima ni mmoja tu, naye alikuwa zamu.

Jumanne moja akafika kwenye kiwanda kidogo cha sare za shule, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Alikuta watu wanaingia kwa mstari, akaingia nao. Msimamizi, mama mrefu mwenye chaki nyuma ya sikio, aliitazama ile futi shingoni mwake, akafoka.

"Ndiyo saa ya kuja hii? Kiti cha Kumi na Nne kimekaa kitupu tangu jana. Haya, kakae!"

Wewe ungefanyaje? Futi alikaa. Alijua ni majaribio, akaapa kimoyomoyo kwamba hawa watamkubali tu.

Kazi yenyewe ilimvuruga akili. Yeye alizoea kushona vazi zima, kuanzia bega mpaka pindo. Hapa Kumi na Nne kazi yake ilikuwa mifuko. Mifuko mitupu, rundo zima, ya bluu, asubuhi mpaka jioni.

"Samahani mama, hii mifuko ni ya nini? Shati au sketi?" alimwuliza jirani yake wa Kumi na Tano, mama mnene aliyeshona kola, ambaye wote walimwita Mama Kola.

"Ni ya Kumi na Sita," Mama Kola alijibu bila kuinua macho. "Vipi, mgonjwa anaendeleaje?"

Futi aligeuka nyuma. Hakukuwa na mtu. Mgonjwa gani tena? Labda ndivyo wanavyosalimiana jiji hili. Labda wamesikia mkewe yuko hospitali, wakachanganya mambo. "Anaendelea vizuri," akajibu, maana adabu haigharimu kitu. Kufikia saa sita watu watano walikuwa wamemwuliza habari hiyohiyo, na kila alipojibu, mgonjwa alizidi kupata nafuu.

Jioni mkewe alimwona ana nyuzi za bluu kwenye nywele, akapiga kigelegele mlangoni.

"Umepata!"

"Nadhani."

"Unadhani vipi? Umepata au hukupata?"

"Nimepewa kiti," alisema Futi, na huo ndio ulikuwa ukweli wote aliokuwa nao.

Kesho yake wodi nzima ilikuwa na habari. Mkewe alimpigia simu hata yule mjomba, kwa makusudi kabisa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye Futi akaendelea kwenda na kukaa na kushona, huku akingoja mtu amwambie yeye ni nani pale.

Alhamisi uzi ulimwishia, akavuta droo ya kiti chake. Ndani alikuta ndala za kike, kopo la pini, na kofia ya mtoto mchanga iliyoshonwa kwa mabaki ya sare. Mshono ulikuwa mdogo na safi, mshono wa mtu anayejua kazi. Upande mmoja pindo lilikuwa halijamalizika. Aliigeuzageuza mkononi, kisha akairudisha, na kwa mara ya kwanza alijisikia amekaa kwenye kitanda cha mtu.

Ijumaa wakati wa chakula hakuvumilia. "Mama Kola, niambie kweli. Mgonjwa ni nani?"

Mama Kola aliacha kutafuna. "Makubwa! Wewe si ndugu yake?"

Ndipo alipoelezwa utaratibu wa pale. Mtu akiumwa, ndugu yake huja kumshikia kiti. Mshahara ni wa mwenye kiti, ndugu anamsitiri tu. Siku tatu zikipita bila mwenyewe wala ndugu, kiti kinapewa mwingine. Kumi na Nne alikuwa binti wa watu, mjamzito, na Jumatatu alfajiri uchungu ulimshika.

"Wiki ile ya mwisho alikuwa analia hapahapa," alisema Mama Kola. "Amehamia hapa kumfuata mume, mume mwenyewe dereva wa malori, yuko safari. Hana mama hapa, hana dada. Tulipokuona tukasema, kumbe Mungu hamtupi mja wake."

Futi hakupata hata nafasi ya kumeza mate. Msimamizi alikuwa amefika na daftari lake.

"Wewe unashona vizuri, sikufichi. Lakini sijakuandika. Wewe ni nani wake Kumi na Nne? Kama ni ndugu, naandika ndugu. Kama si ndugu, basi kiti hakina mtu tangu Jumatatu. Jumatatu hii nakuandika wewe."

Kazi ile hapo, aitikie tu ukweli. Na tangu lini ukweli ukawa wizi? Alimfikiria mjomba akicheka. Alimfikiria mkewe akitangaza wodini. Akaifikiria na ile kofia. Hakuelewa kitu, na mpaka leo anakiri hakuelewa, ila alisikia mdomo wake ukisema:

"Mimi ni shemeji yake."

Kalamu iliandika. Basi.

"Shemeji wa nani?" mkewe aliuliza jioni ile.

"Simjui."

Mkewe alikaa juu ya boksi ambalo hawajalifungua tangu wahamie, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha ikawa si kicheko tena. Futi naye yalimtoka. Alikuwa amechoka, na aliona aibu, na hakujua aibu ya nini.

"Na wodini nitasema nini?" mkewe aliuliza, akijifuta.

"Waambie nimepata shemeji."

"Jumatatu utarudi?"

"Nisiporudi, kiti kitapotea."

"Basi rudi," alisema mkewe.

Jumatatu saa tatu mlango ulifunguliwa. Binti alisimama pale ameshika ukuta, mtoto kifuani, midomo imekauka kwa kupanda ngazi. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Alikuja kuombea kiti chake, mtu asingehitaji kuambiwa.

"Umechanganyikiwa?" msimamizi alimfokea. "Wiki moja tu, unapanda ngazi! Unahangaika nini, na shemeji yako huyu hapa?"

Binti alimtazama Futi. Futi alimtazama binti. Neno moja tu, "simjui," na wote wawili wangetoka mlango ule mikono mitupu. Futi aliona macho ya yule binti yakienda kwenye kiti, kwenye rundo la mifuko iliyoshonwa, yakarudi kwake.

"Shemeji," binti alisema polepole. "Habari za nyumbani?"

"Njema tu, shemeji. Umeamkaje?"

Cherehani zikaanza tena. Futi alivuta droo, akatoa ile kofia. Pindo alikuwa amelimaliza asubuhi ile, kabla ya kengele. Alimvika mtoto, na binti akainama karibu kana kwamba anamrekebishia.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Futi alifungua mdomo aseme fundi wa suti, akaona hilo si jibu la swali lile.

"Mimi ni mume wa mkunga," alisema. "Jioni tutakuja wote, akutazame. Sasa rudi ukalale. Kiti kipo."